Sura ya Sita: Babati Iliyoko Berlin na Stockholm

Sauti za wazee wa Kigorowa wa Babati zimehifadhiwa Berlin. Ni rekodi za sauti na video: hadithi, nyimbo, maongezi ya kawaida ya watu wakielezana mambo yao kwa lugha yao. Mtafiti Andrew Harvey alizikusanya kwa kushirikiana na wenyeji alipokuwa akiichunguza lugha hiyo, kazi iliyompatia shahada ya uzamivu ya chuo cha SOAS, London, mwaka 2018. Rekodi zikawekwa ELAR, hazina ya lugha zilizo hatarini kutoweka, ambayo wakati huo ilikuwa SOAS na mwaka 2021 ikahamia kwenye Akademia ya Sayansi ya Berlin-Brandenburg. Mkusanyo wenyewe umeandikishwa kwa jina la mji: ni wa Wagorowa wa Babati, Mkoa wa Manyara, Tanzania.

Lugha si jambo pekee lililosafiri. Wilayani Babati upo msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, kama hekta 9,000, unaopakana na vijiji vinane. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikusudia kuufanya hifadhi yake. Wanavijiji hawakukubali, na kati ya 1994 na 1995 wakakabidhiwa kuusimamia wenyewe, kila kijiji na mpaka wake, sheria ndogo zake na walinzi wake. Uzoefu wao ni miongoni mwa mambo yaliyoijenga Sheria ya Misitu ya 2002, inayoviruhusu vijiji vya nchi nzima kuwa na hifadhi zao. Wataalamu wa misitu duniani wanaijua Duru-Haitemba kwa jina. Makala zake ziko katika majarida ya kigeni, kwa Kiingereza.

Halafu kuna Sweden. Kwa miaka mingi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Södertörn, kusini mwa Stockholm, wamekuwa wakija Babati kwa kazi ya uwandani. Wamewahoji wakulima wa mahindi na mbaazi, kina mama wa sokoni, watu wa maji, watu wa mifugo, kisha wakarudi kwao kuandika tasnifu. Nyingi zinasomeka bure kwenye DiVA, hazina ya mtandaoni ya vyuo vya Sweden. Mkulima aliyehojiwa akiwa shambani kwake huenda hajawahi kuona kilichoandikwa kutokana na maneno yake.

Kwa hiyo Babati imeandikwa, tena sana, lakini maandishi yakaondoka na waandishi. Mwanafunzi wa sekondari ambaye bibi yake anaongea Kigorowa anaweza kumaliza kidato cha nne asikutane na ukurasa mmoja wala sauti moja ya mambo haya katika maktaba ya shule yake. Nataka kuonyesha katika sura hii kwamba njia ya bei ndogo kuliko zote ya kuyarudisha nyumbani tunayo tayari mkononi. Ni msimbo wa QR, na mbele kidogo yake, uhalisia ulioongezwa, yaani ile teknolojia inayoifanya kamera ya simu ionyeshe picha, maandishi au umbo juu ya kitu halisi kilicho mbele yako. Nataka pia kuonyesha kwamba teknolojia hizi mbili hazina faida yoyote kwa maktaba ambayo haijaamua kwanza ina nini cha kuonyesha.

Mkazi wa Babati hahitaji kufundishwa msimbo wa QR ni kitu gani. Ameuona kwenye stempu ya kodi iliyobandikwa chupa ya pombe kali, ile ambayo tangu 2019 mnunuzi anaweza kuikagua kwa programu ya Hakiki Stempu. Ameuona kwenye risiti ya mashine ya EFD na kwenye karatasi ya Lipa Namba dukani. Pale alipozoea kutouona ni maktabani.

Msimbo huu ulizaliwa kiwandani. Mwaka 1994 mhandisi Masahiro Hara na mwenzake walikuwa Denso, kampuni ya Japani inayotengeneza vipuri vya magari na yenye uhusiano wa karibu na Toyota. Misimbo ya mistari waliyokuwa wakiitumia ilibeba herufi kama ishirini tu, hivyo sanduku moja la vipuri lilibandikwa misimbo mingi na mfanyakazi alilazimika kuiskani mmoja baada ya mwingine. Hara akaacha mistari inayosomwa upande mmoja, akatumia vijiraba vinavyosomwa pande mbili, na uwezo ukapanda hadi tarakimu 7,089 au herufi na tarakimu 4,296. Ile miraba mitatu mikubwa kwenye pembe ndiyo inayoiambia kamera msimbo uko wapi na umeelekea wapi. Uwiano wa weusi na weupe ndani yake, 1:1:3:1:1, haukuchaguliwa kwa kubahatisha: walipekua magazeti, vipeperushi na maboksi wakitafuta mpangilio ambao ni nadra kutokea kwenye karatasi nyingine yoyote, ili mashine isije ikachanganya msimbo na maandishi.

Mambo mawili ya kazi ile ya kiwandani yanaisaidia maktaba ya Babati leo. La kwanza, msimbo unavumilia uchafu. Taarifa zake zimeandikwa na ziada ya kujirekebisha, na ukichagua kiwango cha juu kabisa unasomeka hata asilimia 30 ikiwa imechakaa au imefunikwa. Lebo itakayoguswa na vidole vya watoto na kupigwa na vumbi la kiangazi inahitaji uvumilivu huo. La pili, Denso haikutumia hataza yake kudai malipo kwa watumiaji. Mwalimu anaweza kutengeneza misimbo mia moja na asimlipe mtu hata senti. Gharama yake ni ya kuchapisha kwenye duka la steshenari.

Sasa tutazame lebo yenyewe, maana hapa ndipo kazi nzuri hutofautiana na pambo. Tuseme ni rafu ya misitu na mazingira. Kwenye ukingo wa ubao tunabandika karatasi nene yenye upana wa kiganja. Kushoto kuna msimbo wa sentimita 3 kwa 3, umeachiwa nafasi nyeupe pande zote nne isiyopungua vijiraba vinne. Ukiubana hadi ukingoni simu zitahangaika kuusoma. Kulia kuna maneno: “Msikilize mwanakijiji akieleza namna msitu wa Duru-Haitemba ulivyogawanywa. Sauti, dakika 5, MB 1.2.” Chini kabisa anwani imeandikwa kwa herufi, fupi kiasi cha kuweza kunakiliwa kwenye daftari.

Ile “MB 1.2” naisisitiza kuliko kitu kingine chochote kwenye lebo. Msomaji wetu ananunua bando la siku, na hawezi kubofya kitu asichojua kitamla kiasi gani. Hesabu yake ni rahisi. Sauti iliyobanwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, inayotosha kabisa kwa maongezi, hutumia MB 1.2 kwa dakika tano. Video ya megabiti moja kwa sekunde hutumia MB 37.5 kwa muda uleule. Maktaba ikiwa na mzee anayesimulia, imrekodi sauti na kuweka picha moja yake nzuri. Video iwe kwa mambo ambayo bila kuyaona hayaeleweki, kama kusuka, kufinyanga au kucheza ngoma. Anayepanga huduma bila kuhesabu bando la msomaji anawapangia watu wa mji mwingine.

Ukubwa wa msimbo nao una kanuni: umbali wa kusomea ni kama mara kumi ya upana wake. Sentimita 3 zinasomwa kutoka sentimita 30. Bango la mlangoni litakalosomwa na mtu aliye mita mbili linahitaji msimbo wa sentimita 20.

Watu wengi pia hawajui kwamba msimbo unaweza kubeba maneno yenyewe badala ya anwani ya tovuti. Muhtasari wa kitabu wenye maneno hamsini, maana za istilahi kumi za jiografia, au ratiba ya maktaba, vyote vinaingia ndani ya vijiraba hivyo na vinasomeka bila intaneti hata chembe. Usijaze kupita kiasi tu, kwa kuwa kadiri maneno yanavyoongezeka ndivyo vijiraba vinavyokuwa vidogo, na kamera ya simu ya bei ya chini inashindwa.

Kuna mtego ambao mkutubi lazima aujue kabla ya kuchapisha lebo ya kwanza. Tovuti nyingi zinazotoa misimbo “bure” haziweki anwani yako ndani ya msimbo. Zinaweka anwani yao, na wao ndio wanaompeleka msomaji kwako. Siku muda wa majaribio ukiisha au kampuni ikifungwa, lebo zote ulizobandika zinakufa kwa pamoja. Njia ya kujikinga ni kuuskani msimbo mwenyewe na kusoma anwani inayojitokeza kabla ya kuifungua. Ikiwa si ya maktaba yako au ya taasisi unayoiamini, usiuchapishe.

Mji mdogo wa Monmouth, Wales, unafaa kutazamwa na Babati kwa makini. Mwaka 2011 Waingereza wawili, Roger Bamkin na Terence Eden, walitengeneza QRpedia, mfumo ambao msimbo mmoja huitambua lugha ya simu na kumfungulia msomaji makala ya Wikipedia kwa lugha hiyo. Mei 2012 Monmouth ukatangazwa kuwa mji wa kwanza wa Wikipedia duniani, na misimbo ipatayo 1,000 ikabandikwa shuleni, kwenye majengo ya kale, makumbusho na madukani. Wageni walipiga picha vibao. Lakini vibao vilikuwa hatua ya mwisho. Miezi kadhaa kabla yake watu walikaa wakaandika mamia ya makala mpya kuhusu mji wao, zikatafsiriwa kwa lugha nyingi. Anayeiga Monmouth kwa kuanzia kwenye vibao ameiga sehemu isiyo na kazi.

Babati nayo ina mahali pa kuandikia. Wikipedia ya Kiswahili iko wazi kwa kila mtu, na hapa nchini kuna wanachama wa Jenga Wikipedia ya Kiswahili wanaowafundisha wengine kuihariri. Darasa la kidato cha tatu linaweza kuchukua muhula mmoja kuandika makala fupi zenye vyanzo: Ziwa Babati na viboko wake, Mlima Kwaraa, Duru-Haitemba, mbolea ya Minjingu, kugawanywa kwa Mkoa wa Arusha mwaka 2002 kulikouzaa Mkoa wa Manyara. Kundi jingine lichukue tasnifu za Södertörn, moja kwa kila mwanafunzi, lizifupishe kwa Kiswahili ukurasa mmoja mmoja. Ni zoezi la Kiingereza, ni zoezi la Kiswahili, na mwisho wake ni rafu yenye kitu. Mkulima akija maktabani akauliza habari ya mbaazi anapewa karatasi anayoielewa, na msimbo kwa mtoto wake anayetaka kuisoma tasnifu nzima.

Najua swali linalofuata: simu iko wapi?

Katika shule zetu mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu. Nje ya shule wako watu wengi wenye kitochi, ambacho ni chombo kizuri cha kazi zake lakini hakina cha kusomea msimbo. Mkoa wa Manyara una watu zaidi ya milioni 1.8 kwa sensa ya 2022, wengi wao wakulima na wafugaji. Maktaba inayodhani kila anayeingia ana simu janja mfukoni imewafungia nje hao hao inaosema imejengwa kwa ajili yao.

Jibu tunalo katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Redio zilikuwa chache. Hakuna aliyesubiri kila nyumba ipate yake. Watu walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza kipindi pamoja, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakainuka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa na watu kama milioni 2 wakashiriki. Chombo kimoja, masikio mengi, na mtu aliyefunzwa akiwa katikati yao. Huo ndio mpangilio ninaoutetea. Maktaba iwe na simu janja mbili au kishikwambi kimoja chake, na spika ndogo. Kundi la wanafunzi sita likae mezani, mmoja askani, wote wasikilize, mwalimu au mkutubi aulize maswali. Maongezi yanayozuka baada ya rekodi kuisha yana thamani kuliko kila mmoja kujifungia na skrini yake.

Hata intaneti si lazima. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, inayotosha kiganjani na kutumia umeme kidogo, inaweza kuwekwa kabatini ikawa seva ya maktaba, ikirusha Wi-Fi ndani ya chumba. Ndani yake huwekwa Wikipedia nzima ya Kiswahili kwa programu ya Kiwix, masomo kwa programu ya Kolibri, na rekodi za Babati zenyewe. Msimbo wa kwanza mlangoni unaiunganisha simu na Wi-Fi hiyo, kwa sababu msimbo wa QR unaweza kubeba jina na nywila ya mtandao. Misimbo ya kwenye rafu inafungua kilichomo kwenye seva. Hakuna bando linaloliwa. Vitabu vya kiada vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambavyo ni bure kwa kusoma, vinaweza kuwekewa msimbo wake karibu na meza ya mkutubi kwa siku mtandao unapokuwepo.

Tunao ushahidi wa hapa nchini kwamba vifaa visivyotegemea intaneti vinafundisha. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, vishikwambi vilipelekwa kwenye vijiji kama 170 vya Mkoa wa Tanga kwa miezi 15, vikichajiwa kwa jua na vikiwa na masomo ya Kiswahili. Zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili mwanzoni. Mwishoni idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana zawadi. Naiheshimu kazi hiyo, na naona pia nusu iliyobaki. Watoto wale hawakupewa mwalimu wala mkutubi wa kukaa nao. Maktaba inaweza kuwa naye.

Uhalisia ulioongezwa unakuja na ahadi kubwa zaidi, hivyo nitauchuja zaidi.

Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Miami, jimboni Ohio, Marekani, kilionyesha mfumo ulioitwa ShelvAR, uliobuniwa na timu ya Bo Brinkman. Kila kitabu kinabandikwa alama mgongoni; mkutubi anapitisha kifaa mbele ya rafu, na skrini inaonyesha papo hapo vitabu vilivyopangwa vibaya na vinakopaswa kwenda. Kwa maktaba kubwa ni msaada mkubwa, maana kitabu kilichowekwa rafu isiyo yake kimepotea sawa na kilichoibiwa. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyofunguliwa mwaka 2018 imejengwa kubeba vitabu 800,000. Huko mfumo wa namna hiyo una maana. Kwa maktaba ya shule yenye vitabu elfu tatu, macho ya mkutubi yanakwenda haraka kuliko mashine, na fedha ya alama zile inunue vitabu.

Kazi ambayo uhalisia ulioongezwa ungeifanya Babati, na ambayo chombo kingine hakiifanyi vizuri, iko kwenye barabara ya Dodoma. Ukitoka Babati kuelekea Kondoa unafika Kolo, penye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Eneo lote lina mapango na vibanda vya mawe zaidi ya 150. Mwaka 1951 mwanaakiolojia Mary Leakey alipiga kambi huko akanakili michoro kwa kuwekea jiwe karatasi ya selofani na kufuatisha mistari. Kazi hiyo ilitoka kitabuni mwaka 1983, na jina alilokipa kitabu linatangaza kwamba sanaa hii inatoweka. Kweli inatoweka. Mgeni wa leo anaweza kusimama mbele ya mwamba akaona doa jekundu pale ambapo pana watu wenye nywele ndefu, twiga na swala.

Mwaka 2005 Jon Harman wa Marekani alitengeneza DStretch, programu inayochukua picha ya kawaida ya mwamba na kuzitenganisha rangi zake hadi mistari isiyoonekana kwa macho ijitokeze. Sasa unganisha mambo hayo. Wanafunzi wa Babati, kwa kibali cha watu wa mambo ya kale, wanapiga picha za mwamba mmoja wa Kolo. Picha inachapishwa kubwa na kutundikwa ukutani maktabani. Picha hiyohiyo inapitishwa DStretch. Ukielekeza simu ya maktaba ukutani, doa jekundu linageuka kundi la watu na wanyama, likikaa sawasawa juu ya mwamba, na ukisogea nalo linasogea. Kilichotokea ndani ya simu ni hiki: programu imetafuta pembe na mikwaruzo yenye utofauti mkubwa wa mwanga kwenye picha, ikailinganisha na ile inayoijua, ikakokotoa kamera imesimama wapi, ikachora picha ya DStretch juu yake. Picha ya mwamba inafaa kazi hii kwa sababu imejaa mikwaruzo. Ukuta uliopakwa rangi moja haufai kabisa. Bango lichapishwe kwenye karatasi isiyong'aa, kwa kuwa mwanga wa dirishani ukigonga plastiki inayong'aa kamera haioni kitu.

Kuhusu simu, wapangaji wengi hukosea wanapodhani lazima iwe ya gharama. Mifumo inayohitaji ARCore ya Google inafanya kazi kwenye simu zilizoidhinishwa tu, na nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani kwetu hazimo. Lakini kutambua picha moja iliyotundikwa ukutani hakuhitaji ARCore. AR.js, iliyoanzishwa na Jerome Etienne mwaka 2017, ni bure, inaendeshwa ndani ya kivinjari, na inaweza kupakuliwa kutoka kwenye ile seva ndogo ya kabatini. Mwamba mmoja uliofanyiwa kazi vizuri unatosha kwa mwaka wa kwanza.

Yote haya yana wenyewe, na hapo sitaki haraka. Mzee aliyesimulia mbele ya mtafiti alikubali kwa masharti fulani. ELAR ina ngazi za ruhusa: rekodi nyingine ziko wazi kwa aliyejisajili, nyingine zinahitaji ridhaa kwanza. Mkutubi wa Babati aandike barua kwa mwenye mkusanyo na kwa familia zinazohusika kabla ya kuweka msimbo, hata kama kiungo kinafunguka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaanza kutumika pale unaporekodi sauti na jina la mtu, na rekodi za watoto zinataka uangalifu zaidi. Huko Kolo yapo mawe ambayo Warangi bado wanayatumia kwa matambiko. Kama wenyeji watasema hapa hapapigwi picha, basi hapapigwi. Vitabu vya waandishi walio hai haviskaniwi na kuwekwa mtandaoni kwa kisingizio cha elimu. Hakimiliki ni mshahara wao.

Kuna pia wizi. Watu wasio wema hubandika stika yao juu ya msimbo halali ili malipo yaende kwao au msomaji apelekwe tovuti ya kitapeli. Lebo za maktaba ziwe na nembo yake, anwani iandikwe kwa herufi chini ya msimbo, na kila Jumatatu mtu apite akizigusa kwa kidole kuona kama kuna kilichobandikwa juu.

Kazi zote nilizotaja, kuchagua, kuomba ruhusa, kufupisha, kukagua, ni kazi za mkutubi. Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, nchi ikiwa na miaka miwili hivi tu ya uhuru, na Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, Siku ya Uhuru. Waliofanya hivyo walijua taifa linahitaji watu ambao kazi yao ni kumkutanisha msomaji na anachokitafuta. Shule nyingi leo zinampa mwalimu wa somo jingine ufunguo wa maktaba akae nao baada ya vipindi. Halmashauri ikitaka kuweka fedha kwenye misimbo, ianze na mshahara wa mtu mmoja aliyesomea kwenye chuo cha ukutubi cha Bagamoyo. Misimbo ataitengeneza yeye, kwa gharama ya rimu mbili za karatasi.

Wewe msomaji uliyeko Babati huna haja ya kungoja bajeti. Kama una bibi au babu Bonga, Riroda au Galapo anayejua hadithi kwa Kigorowa, Kiiraqw, Kimbugwe au Kirangi, mwombe ridhaa umrekodi dakika tano kwa simu uliyonayo. Taja mwanzoni mwa rekodi jina lake, kijiji, tarehe na lugha. Muulize nani aruhusiwe kuisikiliza, na uandike jibu lake. Kisha peleka nakala moja kwa mkutubi au mwalimu anayeshika ufunguo wa maktaba iliyo karibu nawe, nyingine ubaki nayo.